Mota ya kifaa chakavu kwenye kinu cha mkono: ipi kati ya hizi nne?

Kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono, kile kinachobanwa ukingoni mwa meza, chenye bakuli juu na sahani mbili za meno mbele, kipo kwenye nyumba nyingi. Ulezi wa uji wa mtoto kinausaga bila shida, karanga pia. Kwenye mahindi ndipo kazi ilipo: kilo ya kwanza watu hupokezana, ya pili kila mtu anakumbuka ana shughuli nyingine. Na chini ya ngazi ipo mashine ya kufulia iliyokufa tangu mwaka juzi, au pampu ya maji iliyoganda, na mota zake bado nzima.

Hapo swali huwa moja: mota ipi? Wengi huchukua iliyo karibu, na bili ya fundi inakuja baadaye. Mimi nasema mota ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kinachokula pesa ni kuishusha kasi yake mpaka ilingane na kinu, maana mota inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika wakati kinu kinataka mizunguko isiyofika mia. Kwa hiyo nianze na kinu, kisha tuziweke mota nne kwenye mizani ileile: ya mashine ya kufulia ya matangi mawili, ya pampu ya maji, ya mashine ya kufulia ya mlango wa mbele, na ya mashine ya kukimbilia, ile tredmili ya mazoezi.

Pima kinu kwanza

Unahitaji ndoo, maji na rula. Jaza kinu nafaka unayosaga mara nyingi, kaza visagio, yaani zile sahani mbili za meno, mpaka unga utoke laini unavyoupenda, zungusha mara kadhaa ili punje ziingie katikati. Sasa simamisha mpini ukiwa umelala sambamba na sakafu, upande ule unaoshuka kinu kikizunguka. Tundika ndoo kwenye kishikio, mimina maji taratibu kwa jagi mpaka mpini uanze kushuka wenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Usisahau kujumlisha uzito wa ndoo. Kisha pima sentimita kutoka katikati ya shafti hadi ilipotundikwa ndoo.

Chukua kilo, zidisha kwa sentimita, zidisha kwa mizunguko ya dakika unayoitaka, gawa kwa 100. Jibu ni wati, kwa ukaribu unaotosha kazi yetu. Mfano: kilo 10 kwenye mpini wa sentimita 20, kwa mizunguko 80, ni wati 160. Hizo ni wati zinazofika kwenye shafti ya kinu. Mkanda unakula zake, beringi zinakula zake, na kuna punje ngumu zinazoingia mbili kwa pamoja, kwa hiyo zidisha mara mbili ndipo uende kutafuta mota. Kwa mfano huu tunazungumzia mota ya wati 300 hivi. Kinu cha mwenzako kinaweza kutoa jibu tofauti kabisa, na ulezi utatoa jibu dogo kuliko mahindi.

Kuhusu kasi, mkono wa binadamu huzungusha mara 60 hadi 80 kwa dakika, na vinu hivi vimetengenezwa kwa kasi hiyo. Mizunguko 100 vinahimili, 120 ni ukingoni. Ukipitisha hapo unga unatoka wa moto, meno yanalika, na bushi ya shafti inaanza kucheza. Joto lina ubaya wake wa pekee kwa dona: kiini cha punje kimebaki ndani na mafuta yake, na mafuta yakipashwa unga unachacha mapema. Kipimo chake ni kiganja: unga ukiwa vuguvugu, sawa, ukikufanya uondoe mkono, kasi imezidi.

Na mahindi yawe makavu kweli. Yenye unyevu unaozidi kama asilimia 14 yanagandamana na kuziba meno, na mota yoyote itaonekana dhaifu.

Tunazilinganisha kwa nini

Mambo matano. Kasi, yaani ni kazi kiasi gani kuishusha. Nguvu kwa muda, maana mota ya kufua nguo haikuumbwa kuzunguka saa nzima. Umeme wake: inawaka kwa kapasita tu (kile kikopo kinachohifadhi umeme na kuisaidia mota kuanza), au inadai bodi ya kudhibiti umeme na ufundi? Vumbi, jambo ambalo watu hulisahau: unga unaoelea jikoni hupenya kwenye mota iliyo wazi, hushika joto na hugandana. Mwisho spea na mafundi: je, fundi wa mtaani kwako anaweza kuisuka upya ikiungua?

1. Mashine ya kufulia ya matangi mawili

Ndani kuna mota mbili. Ya tangi la kukamulia ni ndogo, ina kasi na inasimama wima, iache. Tunayoitaka ni ya tangi la kufulia.

*Kasi.* Kwa umeme wetu wa hezi 50 mota hii inazunguka karibu mara 1,400 kwa dakika, ambayo ni kasi rafiki. Hapa ndipo rimu ya baiskeli inapojipatia kazi. Rimu ya zile baiskeli kubwa za kubebea mkaa na magunia ina kipenyo cha karibu sentimita 63. Ivue tairi, mkanda ukae mahali pa tairi, upande wa mota weka puli ya sentimita 5: 1,400 mara 5 gawa kwa 63 ni mizunguko 111. Ukipata puli ya sentimita 4 na mkanda mwembamba, unashuka hadi 89. Hatua moja tu, hakuna shafti ya katikati, na uzito wa rimu unasaidia kupitisha punje ngumu. Kazi ya fundi ni kutoa ekseli ya baiskeli na kutengeneza bushi itakayoshika shafti ya kinu katikati kabisa. Ikipinda hata kidogo, mkanda utakuwa unaruka.

*Nguvu kwa muda.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Nyingi hutoa wati mia na ushee tu, na zimetengenezwa kwa vipindi: tazama saa ya kufulia kwenye mashine hizi, mara nyingi inaishia dakika 15. Ichukulie hiyo kama maelekezo ya mtengenezaji. Dakika 15 kazi, kisha pumziko hadi ganda lishikike bila kuunguza.

*Umeme.* Rahisi kuliko zote. Waya tatu: mmoja wa pamoja, na miwili iliyounganishwa na kapasita. Umeme ukiingia upande mmoja wa kapasita mota inazunguka kulia, ukihamia upande wa pili inazunguka kushoto. Ile saa ya kufulia usiitumie kuwasha kinu, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mzunguko kila baada ya muda mfupi, na kinu kikirudi nyuma kinatema nafaka.

*Vumbi.* Mota iko wazi, koili unaziona kwa macho. Inahitaji sanduku lenye matundu upande usio na unga.

*Spea.* Tele. Kapasita zinapatikana kila duka la vifaa vya umeme. Koili za aluminiamu, ambazo ni nyingi kwenye mashine za bei nafuu, mafundi wengi hawapendi kuzisuka. Watakwambia utafute nyingine, na wana haki.

Inamfaa mwenye kusaga ulezi, mtama, karanga, viungo, au mahindi ya kupasua mara mbili: mara ya kwanza visagio vikiwa vimelegezwa, mara ya pili vimekazwa. Mwenye kutaka dona laini kwa mkupuo mmoja itamsumbua.

2. Pampu ya maji

Nazungumzia zile pampu ndogo za nusu hosipawa zinazopandisha maji kwenye tangi la juu ya nyumba. Nyingi hutupwa kwa kosa ambalo si la mota: pangaboi la shaba limeganda kwa kutu na chumvi, au sili imevuja hadi beringi ya mbele ikaoza. Ondoa kichwa cha pampu, badilisha beringi mbili, na mara nyingi koili zinapima vizuri kabisa. Pampu za kuzamisha kisimani weka kando. Zinapozwa na maji yanayozizunguka, nchi kavu zinaungua.

*Kasi.* Karibu mizunguko 2,850, mara mbili ya ile ya kwanza, na hilo ndilo deni lake kubwa. Kwa rimu peke yake utapata mizunguko zaidi ya 200. Inabidi uweke shafti ya katikati juu ya beringi mbili: puli ya sentimita 5 kwenye mota, ya 15 kwenye shafti ya katikati, halafu puli nyingine ya 5 inayopeleka mkanda kwenye rimu ya 63. Hesabu yake inaishia mizunguko 75, ambayo ni kasi tamu. Lakini sasa una mikanda miwili, beringi mbili za ziada na fremu ya kuchomelea yenye kudai vipimo vilivyonyooka.

Shida nyingine ni shafti yenyewe. Upande wa pangaboi ni fupi, na puli inaweza kukosa pa kushika. Nenda kwa fundi wa leti, mashine ya kukereza chuma, ukiwa na mota mkononi, usiende na vipimo vya kukisia. Waliozoea Gerezani pale Kariakoo, au Kamukunji kwa wa Nairobi, wanajua kuwa kazi hii inamalizwa wakati unasubiri, ilimradi chuma kipo mbele ya fundi.

*Nguvu kwa muda.* Nusu hosipawa ni wati 370 hivi za kwenye shafti, na mota ya pampu imeundwa kufanya kazi mfululizo hadi tangi lijae. Katika hizi nne, ndiyo usiyohitaji kuipigia saa kila baada ya dakika chache.

*Umeme.* Kapasita moja, swichi moja. Tahadhari ni wakati wa kuondoka: mota za namna hii zina msukumo mdogo zinapoanza. Washa kinu kikiwa kitupu, kishike kasi, ndipo ufungue nafaka. Ukikizima kikiwa kimejaa, legeza visagio kabla ya kukiwasha tena. Na umeme wa jioni ulioshuka unaiumiza, kwa sababu msukumo hupungua kwa mraba wa volti: kutoka volti 230 hadi 190 unabaki na kama asilimia 68 tu ya msukumo. Mota inayonguruma bila kuzunguka izimwe papo hapo. Hayo yanaihusu ya matangi mawili vilevile.

*Vumbi.* Imefungwa pande zote na feni yake iko nje, nyuma. Unga hauna pa kuingilia. Kwangu mimi hili pekee linaipandisha sana.

*Spea.* Mafundi wa kusuka mota wanazifahamu kwa sababu ndizo wanazoletewa kila siku.

Inamfaa mwenye familia kubwa anayesaga mahindi kila wiki, na aliye tayari kulipia fremu mara moja.

3. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele

Hii ndiyo inayowavutia vijana wa ufundi, hasa sasa ambapo mashine hizi zinaingia kwa wingi kama mtumba. Kwanza hakikisha ina kaboni, zile brashi mbili zinazogusa pete ya shaba iliyo kwenye shafti. Mashine nyingi mpya zina mota ya inveta isiyo na kaboni, yenye waya tatu nene zinazotoka kwenye bodi yake. Hiyo bila bodi yake haizunguki, na bodi yake bila mashine nzima haielewi inaambiwa nini. Iache.

*Kasi.* Ya kaboni haina kasi maalumu. Inakwenda kadiri unavyoipa umeme, kutoka mizunguko mia chache hadi zaidi ya 10,000 wakati wa kukamua. Uzuri ni kwamba kipunguza kasi umeuziwa pamoja nayo: lile puli kubwa la aluminiamu mgongoni mwa pipa. Likishirikiana na kapuli kadogo ka mota, hupunguza kasi mara 12 hivi. Usiliache kwa muuza chuma chakavu; livue na mkanda wake wenye mifereji midogo. Mota ikienda 1,000, kinu kinakwenda karibu 80.

Ila mizunguko 1,000 ni kasi ndogo kwa mota hii. Feni yake ya ndani imefungwa kwenye shafti ileile, kwa hiyo ikizunguka polepole haijipozi, na mashine ya kufulia hukwepa tatizo hilo kwa kuzungusha kidogo na kupumzika. Ukiisagisha mfululizo, inanuka. Tiba ni mbili: feni ndogo ya nje inayopuliza muda wote, au hatua nyingine ya kupunguza kasi ili mota yenyewe ikimbie 3,000 na kuendelea.

*Nguvu kwa muda.* Nguvu ipo ya kutosha, muda ni kama nilivyosema.

*Umeme.* Hapa ndipo watu hukwama. Unakuta waya sita, nane au kumi. Kwa mita ya kupimia umeme: jozi ambayo usomaji wake unarukaruka ukizungusha shafti kwa mkono ni ya kaboni. Jozi yenye omu chache zisizobadilika ni ya koili za nje. Nyingine zina waya wa tatu katikati. Jozi yenye omu nyingi kuliko zote na inayotoa volti kidogo ukizungusha ni ya kihisi cha kasi. Jozi inayosoma kama swichi iliyofungwa ni kinga ya joto, nayo ibaki kwenye njia ya umeme, usiikate. Kaboni na koili za nje huunganishwa kwa mfuatano, na ukibadilisha waya za kaboni mota inageuza upande.

Usiipe umeme wote wa ukutani ikiwa haina mzigo. Mota ya aina hii haina breki ya kimaumbile. Itapanda kasi hadi ivunje kitu. Inahitaji dimma, kile kifaa cha kupunguza umeme kwa kitufe, ya wati 2,000 na kuendelea. Dimma ya kawaida itaiendesha, lakini punje zikikaza mota inalegea na zikiisha inaruka mbio, kwa hiyo utasimama pale ukikoroga kitufe. Bodi inayosoma kihisi cha kasi, kama zile zilizojengwa juu ya chipu ya TDA1085, hushika kasi ileile mzigo ukipanda au kushuka. Kati ya dimma na bodi hiyo, tofauti ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

*Vumbi.* Iko wazi, na kaboni zinatoa cheche na unga mweusi. Iweke mbali na mdomo wa kinu, chini ya meza kwa mfano, na ukuta wa ubao katikati. Cheche na vumbi jingi la unga kwenye chumba kilichofungwa havikai pamoja, fungua madirisha.

*Spea.* Kaboni zinapatikana. Kusuka rota yake ni kazi ambayo mafundi wachache huikubali. Kelele pia itakuwa kubwa, jirani wa ghorofa atajua mnapika ugali.

Inamfaa anayependa vifaa vya umeme na anayemiliki mita na kujua kuitumia. Umeme wa kupandashuka hauiui kama zile za kapasita, inapunguza kasi tu.

4. Tredmili

Zinatoka majumbani na kwenye jimu ndogo, mkanda wa kukimbilia ukiwa umechanika au skrini imekufa. Mota yake ni ya DC yenye sumaku za kudumu. Zile za jimu kubwa mara nyingi ni mota za AC za fezi tatu, hizo si mada yetu.

*Kasi.* Inashuka vizuri bila kupoteza msukumo, jambo ambalo tatu zilizotangulia haziwezi kwa urahisi. Ina gurudumu zito mbele lenye mifereji ya mkanda. Gurudumu hilo mara nyingi limekazwa kwa uzi wa skrubu, na ukiizungusha kinyume na ilivyozoea linaweza kujifungua, kwa hiyo panga fremu ifuate mzunguko wake wa asili.

*Nguvu kwa muda.* Usidanganyike na hosipawa zilizoandikwa kwenye stika, nyingi ni za kilele cha sekunde chache. Hata ukizigawa kwa mbili, kinu cha mkono kinashiba.

*Umeme.* Ukipata bodi yake ikiwa hai, tumia hiyo. Ikiwa imekufa, unahitaji kidhibiti cha DC cha volti zilizoandikwa kwenye mota, ambazo kwa kawaida ni kati ya 90 na 180. Umeme wa DC wa volti hizo unatoka moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani na unaua vilevile. Kwa wa sola kuna njia tulivu zaidi: betri nne za volti 12 kwa mfuatano ni volti 48, na mota ya volti 180 itazunguka kama robo ya kasi yake. Nguvu itapungua kwa kiasi hichohicho, lakini kasi nayo imeshashuka bila puli ya ziada. Kwenye mfumo wa sola, mota za kapasita ni mzigo mbaya, kwani zikianza zinavuta umeme mara kadhaa ya kawaida na inveta ndogo inajizima.

*Vumbi.* Iko wazi kiasi, ina kaboni. Maelezo ya namba 3 yanatosha.

*Spea.* Hii ndiyo kasoro. Ikifa, huenda usipate nyingine inayofanana, wala fundi wa kuisuka.

Inamfaa mwenye sola, na mwenye bahati ya kuipata ikiwa na bodi nzima.

Za kuziacha

Mota ya blenda ina kelele za nguvu na mwili wa dakika mbili tatu. Feni ya dari haina msukumo. Kompresa ya friji imefungiwa ndani ya chuma na mafuta na gesi, hakuna shafti ya kufungia puli. Na usiote mashine ya mtaani: zile hubeba hosipawa 10 na zaidi, na kinu chake ni cha aina nyingine.

Kabla ya kuwasha, kwa mota yoyote

Kinu kina upande wake wa kuzunguka. Uhakikishe kabla ya kuchomelea chochote. Mkanda unavuta shafti pembeni, na bushi ya kinu cha mkono haikuzoea hilo, kwa hiyo weka beringi ya kushikilia upande wa puli. Tumia mkanda, usitumie mnyororo: jiwe au msumari ukiingia, mkanda unateleza na meno ya kinu yanasalimika.

Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ufungwe kwenye ganda la mota na kwenye kinu. Kapasita ina umeme hata baada ya kuchomoa plagi, itoe chaji kabla ya kushika. Swichi ya kuzimia iwe mahali unapofika bila kupitisha mkono juu ya mkanda. Mkanda na rimu vifunikwe kabisa, kwa bati au wavu mnene, kwa sababu ya watoto, na kwa sababu ya ncha ya kanga, mtandio na mikono mipana ya dera. Grisi ya beringi isikae juu ya njia ya unga, na kilo ya kwanza baada ya kufunga visagio vipya wape kuku.

Kwa wanaofanya haya kwa ajili ya unga wa lishe wa mtoto: faida ya kusaga nyumbani ni kwamba nafaka umeichambua mwenyewe. Kinu hakiondoi sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, na mengi yalikuwa ya majumbani mwao. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa zitoke kwenye ungo kabla hazijafika kwenye bakuli.

Kwa hali yako

Una ulezi, karanga na viungo, kilo moja au mbili kwa wiki, na bajeti ndogo: matangi mawili na rimu ya baiskeli. Utamaliza kwa gharama ndogo kuliko wote, na udhaifu wa mota hautauona.

Unasaga mahindi kwa watu wengi, umeme wa gridi ni wa kuaminika na fundi wa kuchomelea yuko karibu: pampu. Fremu itakugharimu, ila ikishakaa sawa unaisahau.

Umeme wa kwenu unashuka kila jioni: ya mlango wa mbele au tredmili, au panga kusaga asubuhi na ubaki na pampu.

Unapenda kuchezea bodi, na unataka kasi tofauti kwa ulezi na kwa mahindi: ya mlango wa mbele yenye bodi inayosoma kihisi. Kama neno "kihisi" limekuchosha tayari, rudi kwenye kapasita.

Uko kwenye sola: tredmili kwa betri. Huna tredmili? Sikushauri ununue inveta kubwa kwa ajili ya kinu pekee.

Unaishi nyumba ya kupanga yenye majirani ukutani: pampu au matangi mawili, ambazo zinanguruma chini chini, na mpira mnene chini ya fremu.

Na kama unachotaka ni debe zima la mahindi kwa mara moja, au sembe iliyokobolewa, hakuna mota hapa ya kukutosha. Beba debe lako hadi mashine ya mtaani, na kinu cha nyumbani kibaki na ulezi.